Picha ya zamani bado ina wenyewe

Maswali ya wasomaji kuhusu sinema na burudani ya nyumbani. Anajibu mwandishi wetu wa Unguja, aliyekuwa na duka la kukodisha kanda za video Mji Mkongwe.

Wanangu waliinuka kabla picha haijachanganya

*Shikamoo Mama. Mimi ni baba wa watoto wawili, mmoja ana miaka 15 na mwenziwe 18. Mwaka huu nilijikakamua nikanunua runinga ya inchi 55, na kitu cha kwanza nilichotaka kuwaonyesha ni Sholay, picha ya Kihindi niliyoitazama na marehemu baba yangu mpaka tukaijua kwa ghibu. Niliipata kwenye sidii moja yenye picha nane za Amitabh. Nikawakalisha, nikazima taa. Hazikupita dakika ishirini, mkubwa kashika simu, mdogo anacheka, anasema watu wanatembea kama kwenye tamthilia za mchana na sura zao zimevimba. Wakainuka. Nimeumia sana. Je, watoto wa siku hizi hawana tena haja na sinema nzuri za zamani? Nina boksi zima la sidii, niligawe?*
*— Baba wa wawili, Tanga*

Marahaba baba. Boksi usiligawe.

Barua yako nimeisoma na kuirudia, na kila nikiisoma nawatetea wanao. Wewe unasema wameikataa Sholay. Mimi nasema hawajaiona. Ndani ya zile dakika zenu ishirini mmepita kipande cha treni, majambazi juu ya farasi wanaikimbiza, vijana wawili wezi na polisi aliyewakamata wanajikuta wanapigana upande mmoja. Mtoto wa miaka 15 akikipita kipande kile bila kushtuka, mimi siulizi mtoto ana nini. Nauliza kaonyeshwa nini.

Tuanze na hiyo sidii ya picha nane. Diski ya DVD, hata ile kubwa ya tabaka mbili, inabeba GB 8.5 basi. Sholay peke yake ni saa tatu na ushee, na picha za Kihindi za miaka ile nyingi zinakaribia hapo. Gawanya kwa nane, kila moja inabakiwa na GB moja na kidogo. Ili zienee, aliyezikusanya kaziminya, na ukiiminya picha kinachoanza kufa ni giza lake.

Nikupe mfano. Kuna kipande cha jioni ambacho wewe na marehemu mzee wako lazima mlikipenda. Kijana anayeigizwa na Amitabh kakaa nje ya banda walilopewa, anapuliza kinanda cha mdomo. Ng'ambo ya uwanja, juu barazani, mjane wa nyumba ile, Jaya Bhaduri, kavaa sari nyeupe, anazima taa moja baada ya nyingine. Hawasemezani hata neno. Kila taa inapofifia nuru inahama usoni mwake, na mtazamaji anajua yule kijana kashapenda, na mjane naye anajua anatazamwa. Mapenzi yote ya watu wale wawili yamewekwa ndani ya vivuli. Sasa weka kipande hicho kwenye nakala iliyominywa: giza linakuwa tope, miraba miraba inachezacheza ukutani, uso wa Jaya hauonekani, na mwanao anaona mwanamke anazima taa. Mimi mwenyewe ningeshika simu.

La pili ni hilo la kutembea kama kwenye tamthilia. Mwanao mdogo ana jicho zuri, mpongeze. Sinema imepigwa kwa picha 24 kila sekunde, na ule mwendo ndio uzito wake. Runinga za kisasa zinatoka kiwandani zimewekewa programu inayobuni picha za kujazia katikati ili kila kitu kiteleze. Kwa mpira ni nzuri, utauona mpira unavyokwenda. Kwa sinema ni balaa, mtu anaonekana kama kasimama mbele ya kamera ya harusi. Ingia kwenye mipangilio ya picha uizime. Kwenye Samsung utaikuta imeandikwa Auto Motion Plus au Picture Clarity, LG wanaiita TruMotion, Sony ni Motionflow. Mwaka 2018 Tom Cruise na mwongozaji wake Christopher McQuarrie walirekodi video nzima kuwaomba watu waizime nyumbani, na mwaka uliofuata ukatangazwa mpangilio uitwao Filmmaker Mode, ambao ukiubonyeza unazima mambo hayo yote kwa pamoja. Kama runinga yako inao, tumia huo na usihangaike na mengine. Kama hauna, ondoka kwenye Vivid au Dynamic, nenda Cinema au Movie. Siku ya kwanza utaona kama picha imefifia. Baada ya robo saa jicho litazoea.

La tatu, sura zilizovimba. Sholay ilichapwa kwenye filamu pana ya milimita 70. Nakala nyingi zilizoingia kwenye kanda na baadaye kwenye sidii zilikatwa pembeni ili ziingie kwenye runinga za zamani zilizokuwa karibu na mraba. Runinga yako pana imeukuta mraba huo ikauvuta ujae kioo. Tafuta kwenye rimoti penye kubadili umbo la picha, ujaribu mpaka vichwa vya watu viwe vya mviringo kama vya watu. Pembeni patabaki peusi. Paache peusi.

Halafu sauti. Gabbar, mkuu wa majambazi, anapoingia kwa mara ya kwanza, kabla hujamwona uso unasikia buti zake juu ya mwamba, na bizimu ya mkanda wa risasi inaburuzwa kwenye jiwe. Hofu ya kipande kile imo kwenye ule mkwaruzo. Spika za runinga nyembamba zinatazama chini au nyuma, zinautupa ukutani. Nina hakika hapo nyumbani una sabufa. Iunganishe, punguza besi iliyowekwa kwa ajili ya muziki, panua sauti ya kati ili maneno yasikike.

Ukishayafanya hayo, tafuta nakala ya peke yake, picha moja diski moja, au uikodi mtandaoni kwa wenye haki nayo. Waite tena wanao. Usiwahutubie kabla. Usiwaambie hii ndiyo picha bora kupita zote, maana hapo umeshawapa mtihani. Usikae ukiwatazama wao badala ya kuitazama picha. Na ikifika intavali, simamisha. Picha za Kihindi zilitungwa ziwe na intavali, mwongozaji anakuachia fundo kwa makusudi ukanywe chai nalo. Nusu ya pili iwe kesho ikibidi. Hakuna aliyesema saa tatu lazima ziwe za mfululizo.

Umeuliza kama watu wa leo bado wanazithamini. Nilipokuwa na duka, kanda ikirudi nilikuwa naipitisha kwenye deki kuikagua kabla ya kuirudisha rafuni. Chenga hazikuwa zinatawanyika ovyo. Zilikuwa zinakaa pahala pamoja: kwenye wimbo uleule, teke lilelile, kilio kilekile, pale ambapo kila mteja alirudisha nyuma akatazama tena. Kanda ya Mother India ilichakaa pale mama anapomnyanyulia mwanawe bunduki. Siku hizi sina kanda za kukagua, lakini vijana wananitumia vipande kwa WhatsApp, vya sekunde thelathini, vya dakika moja. Wanakata palepale.

Mumbai kuna ukumbi, Maratha Mandir, ambao tangu mwaka 1995 umekuwa ukionyesha Dilwale Dulhania Le Jayenge, na wanaokwenda wengi hawakuwa wamezaliwa ilipotoka. Hiyo Sholay yenyewe ilitimiza miaka 50 mwaka 2025. Film Heritage Foundation ya Mumbai ikaitengeneza upya, malighafi nyingine zikakutwa kwenye ghala Uingereza, na mwezi Juni ikaonyeshwa usiku uwanjani Bologna, Italia, mji usiojua Kihindi. Tena ikaonyeshwa na mwisho wake wa asili. Ilipotoka Agosti 1975 India ilikuwa chini ya hali ya hatari, na wakaguzi hawakukubali polisi mstaafu ajilipizie kisasi mwenyewe, ikabidi mwisho upigwe mwingine. Huo wa asili huenda wewe na mzee wako hamkuuona. Basi mna sababu, wewe na wanao, ya kuitazama pamoja, na safari hii huenda nawe usijue kinachokuja.

Runinga kubwa au kitu kingine?

*Habari za kazi Mama. Nina chumba na sebule, runinga ya inchi 32, na pesa kidogo niliyoweka. Nataka nikitazama picha nione raha. Niuze hii niongezee ninunue kubwa?*
*— Kijana wa Mbagala*

Salama mwanangu. Usiuze. Sebule yako haizidi hatua chache kutoka kochi hadi ukutani, inchi 32 inatosha kwa sasa. Pesa hiyo nunua pazia zito la dirisha, kwanza. Taa ya kando ya barabara ikipiga kwenye kioo, hata runinga ya bei kubwa haifui dafu. Pili, spika mbili nzuri au sabufa isiyovimba besi. Tatu, taa ndogo ya kuweka nyuma ya runinga, ili macho yasichoke gizani.

Kitakachobaki kiweke kwenye bando. Watu wanalalamika picha mtandaoni ni mbovu, kumbe simu au runinga imejiamulia kushusha ubora ili kuokoa data. Picha ya ubora wa HD inakula kama GB 3 kwa saa, ya 4K inafika GB 7. Kwa inchi 32 hiyo 4K hutaiona tofauti yake, achana nayo. Pakua HD usiku wakati bando ni rahisi, utazame kesho yake bila kusubiri kile kiduara kizunguke. Picha inayokatika katikati ya maongezi imeshakufa, hata ingekuwa nzuri vipi.

Na majirani zako wa ukuta mmoja wafikirie. Saa nne usiku tia visikilizio masikioni.

Picha za kutafsiriwa ni kuivunjia heshima sinema?

*Shikamoo Bibi. Mimi na mume wangu tunabishana kila Jumamosi. Mimi napenda picha zilizotafsiriwa na madijei, kwa sababu naelewa na nacheka. Yeye ni mtu wa maandishi ya chini, anasema dijei anaiharibu picha na mtu mwenye akili hatazami hivyo. Tuamulie.*
*— Mke wa mbishi, Mwanza*

Marahaba mjukuu wangu. Nyote mna haki, ila wewe unayo zaidi, na mpe mumeo asome hapa.

Mama yangu alikuwa akinichukua kwenye maonyesho ya wanawake, picha za Kihindi, ukumbi umejaa mabuibui na watoto wachanga. Wanaojua Kihindi walikuwa wachache. Kila safu ilikuwa na mtu wake wa kuhadithia, na hakuwa ananong'ona. Alikuwa anasema huyu ni mkwe, yule ni adui, barua imefichwa, na akina mama wanamjibu, wanamlaani adui, wanamwonya steringi. Watu wale walizipenda picha zile kupita yeyote ninayemjua aliyekaa kimya. Baadaye Dar es Salaam akaja Lufufu, anasimulia picha kwenye vibanda umiza mpaka watu wanaingia kwa ajili ya sauti yake. Kenya yupo DJ Afro. Uganda wanayo ya kwao kwa Kiganda. Hawa ndio waliozibeba picha za miaka ya 1970 na 1980 wakazifikisha kwa vijana wa benchi. Bruce Lee alikufa Julai 1973. Muulize kijana yeyote wa kijiweni kama anamjua, kisha umuulize alimjulia wapi. Hatakutajia ukumbi wa sinema.

Mtu anayeuliza kama watazamaji wa leo wanazitaka picha za zamani, mimi humwambia aende kibandani siku ya Jumapili akasikilize benchi linavyopiga kelele. Na nasema hivi nikiwa naheshimu kazi yenyewe. Kusimulia picha ya saa mbili peke yako, kwa sauti ya mzee, ya mtoto, ya mwanamke na ya jambazi, na kuujua mji na misemo yake, ni ufundi.

Mumeo naye ana hoja moja ya kweli, kuhusu sauti. Dijei akisema, sauti ya picha inashushwa, akinyamaza inapandishwa. Muziki wa picha unakuwa unakuja na kuondoka, na mtunzi wa muziki ule aliupanga uanze taratibu na kupanda kwa hesabu. Vilevile kimya. Kuna waongozaji wanaoacha dakika nzima bila neno, na dijei hawezi kuacha dakika nzima bila neno, kazi yake haimruhusu. Basi fanyeni hivi: Jumamosi hii mtazame ya kutafsiriwa, mcheke. Picha ikikukaa moyoni, Jumamosi ijayo mumeo aitafute yenye sauti yake na maandishi ya chini, na wewe ukae naye, maana hadithi utakuwa unaijua na macho yatakuwa huru kutazama nyuso. Asikukejeli, nawe usimhadithie.

Nianzie wapi kwenye picha nyeusi na nyeupe?

*Shikamoo Mama. Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Wenzangu wananiambia picha zisizo na rangi ni za kulalia usingizi, nami sijawahi kuimaliza hata moja. Ila nataka. Nitajie moja tu.*
*— Msichana wa Dodoma*

Marahaba binti yangu. Umesema moja, nakupa moja: La Noire de…, ya Ousmane Sembène wa Senegal, ya mwaka 1966. Ina kama saa moja tu. Watu wengi huihesabu kuwa picha ndefu ya kwanza ya mwongozaji Mwafrika kutoka kusini mwa Sahara. Diouana, msichana wa Dakar, anachukuliwa na familia ya Kifaransa kwenda Antibes, kule Ufaransa ya kusini. Kaambiwa anakwenda kulea watoto. Anafika, anakuta ni kupika, kufua, kusugua, na bahari yote ile anaiona kwa dirishani.

Niliiweka sebuleni kwangu, wasichana wa mtaani wamejaa mkekani. Mmoja wao dada yake yuko Muscat, kazi za ndani. Nilidhani watachoka. Kuna kipande barua inatoka kwa mama yake Diouana. Yeye hajui kusoma, bwana wa nyumba anamsomea mezani, halafu anachukua kalamu, anaanza kuandika majibu kwa niaba yake: mimi mzima, niko na furaha. Hajamuuliza. Diouana amesimama anamtazama. Yule mwenye dada Muscat akasema kwa sauti, "Usimwachie! Mwambie hayo siyo yako!" Wenziwe wakaanza kusema mambo ambayo sikuwa nimeyasikia mtaani petu: simu zinazochukuliwa, ujumbe wa sauti unaotumwa mama mwenye nyumba kasimama pembeni, dada anayesema mzima kwa sauti isiyo yake. Ikabidi nisimamishe picha tuzungumze, kisha tukaendelea.

Habari ya rangi haikutajwa mpaka mwisho, na aliyeitaja aliitaja kwa kusifu. Alisema kile kinyago. Diouana aliwapa waajiri wake kinyago kama zawadi, nao wamekitundika peke yake kwenye ukuta mweupe. Katika nyumba ile weupe umejaa kila mahali, kuta, mashuka, sahani, na vyeusi ni viwili tu, kinyago na msichana. Ungetia rangi, jicho lingepata pa kukimbilia. Sembène hakukuachia pa kukimbilia. Mwisho wake sikwambii.

Tazama nakala iliyofanyiwa ukarabati Bologna, utaijua kwa sababu nyuso ni safi na weupe hauunguzi. Na kwenye runinga yako au kompyuta, tafuta mpangilio wa rangi uitwao Warm. Vioo vingi vinatoka kiwandani na ubuluu, na picha nyeusi na nyeupe ikiwa na ubuluu inaonekana ya hospitali. Kazima simu, saa moja tu hiyo.

Ukiipenda niandikie nikutajie nyingine, nitakupeleka kwa Raj Kapoor, Awaara ya 1951. Ukiona haikukugusa niandikie pia. Ukongwe peke yake hauifanyi picha kuwa nzuri, na dukani kwangu zilikuwapo nyingi za zamani ambazo hazikustahili rafu. Sitaki mtu atazame picha kwa kutimiza wajibu.

Kanda za mzee zimeota ukungu

*Assalaam alaykum Bi Mkubwa. Marehemu baba kaacha kanda za video kwenye sanduku chini ya kitanda. Nyingine ni picha za Kihindi, nyingine ni harusi za kwetu, na kuna mbili zimeandikwa "mchezo TVZ". Kwenye kidirisha naona unga mweupe. Deki ipo inafanya kazi. Nizijaribu?*
*— Kijana wa Pemba*

Waalaykum salaam mwanangu, na Mungu amrehemu mzee. Usizijaribu. Huo unga ni ukungu. Ukiitia kanda hiyo kwenye deki, ukungu unaganda kwenye kichwa cha kusomea, utepe unakatika, na kila kanda utakayoitia baadaye utakuwa umeiambukiza. Deki nayo ilinde, kampuni ya mwisho iliyokuwa ikizitengeneza, Funai ya Japani, iliacha Julai 2016. Sasa ni za kukarabati tu.

Zitoe chini ya kitanda leo. Zipange zikiwa wima, mahali pakavu penye hewa, mbali na jua na mbali na spika kubwa, maana sumaku inafuta. Zenye unga zitenge na zisizo na unga. Tafuta fundi mwenye deki aliyoitoa mhanga kwa kusafishia, aufute utepe wote taratibu kabla ya kuucheza. Akikwambia anaitia moja kwa moja aone, mchukulie kanda yako urudi nayo nyumbani. Kisha zihamishiwe kwenye kompyuta. Mwambie asiziminye, nafasi ya kuhifadhi siku hizi ni rahisi, na nimeshaeleza juu kule kinachotokea picha ikiminywa. Weka nakala moja kwako na nyingine kwa ndugu anayekaa nyumba nyingine.

Picha za Kihindi ziache mwisho, hizo zipo duniani kwa nakala bora zaidi. Anza na harusi na hizo mbili za mchezo. Zanzibar tulikuwa na televisheni ya rangi, hiyo TVZ, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Bara hawakuwa na kituo mpaka mwaka 1994 na wenye uwezo walikuwa wakitazama deki. Michezo mingi iliyorushwa hapa ilipita hewani ikaisha. Mtu aliyekuwa na deki nyumbani, akabonyeza kitufe chekundu usiku ule, huenda ndiye peke yake aliyeukamata. Baba yako alifanya hivyo mara mbili, kisha akaandika kwa kalamu ubavuni ni kitu gani. Alijua anachokiweka.

Ukishahamisha usizitupe kanda zenyewe. Na majina ya walioigiza, kama hayakutajwa mwanzoni wala mwishoni mwa mchezo, waonyeshe wakubwa wa mtaani kwenu kwenye simu yako, mmoja mmoja, uyaandike wanavyokutajia. Ukipata picha inayoeleweka, niletee nami niione, huenda wawili watatu nikawatambua kwa sauti.